Moto wa Makunduchi: Jinsi Siku ya Mwaka Ilivyoitwa Kazi ya Shetani

Kila ifikapo Julai, wanaume wa Makunduchi, kusini ya Unguja, hujenga kibanda cha makuti katikati ya uwanja wa Kae Kuu. Ni kibanda kidogo cha kuenea mtu mmoja au wawili, na hufungwa kwa haraka kwa sababu hakitadumu hata saa moja. Kabla ya hapo wanaume wamekwisha kupigana kwa mabua ya migomba, watu wa kaskazini ya mji na watu wa kusini, huku wanawake wakipita na kanga mpya wakiimba nyimbo za vijembe. Kisha mzee wa mila huingia kibandani na makuti hutiwa moto. Makuti makavu hayangoji: moto hupanda mpaka kileleni kabla watu hawajamaliza kupiga kelele. Mzee huchomoka upande wa nyuma na kukimbilia kichakani, watu wakimfuatiliza kwa madongo na vijiwe. Akiokoka, na huokoka, basi mwaka huo hapana mtu atakayeungua ndani ya nyumba yake. Wazee nao hubaki wakiutazama moshi, unakwenda upande gani, maana kwa moshi huo husomwa heri na shari ya mwaka unaoingia.

Hiyo ndiyo Mwaka Kogwa, yaani sherehe ya Siku ya Mwaka. Katika siku hizo hizo, kwenye baadhi ya misikiti ya Unguja na katika darasa za baada ya magharibi, husikika maneno mengine kabisa. Waumini huonywa wasiende Makunduchi. Huambiwa kwamba moto ule ni wa majusi, moshi ule ni ramli, ubani unaofukizwa mzimuni ni shirki, na muziki wa usiku ufukweni ni zinaa iliyotandikiwa mkeka. Wapo wanaosema kwa ufupi zaidi: hiyo ni sikukuu ya shetani.

Tuhuma hiyo ina historia ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani, na inastahili kusimuliwa kwa heshima ya pande zote mbili. Wanaoitoa na wanaotuhumiwa wanaswali kibla kimoja, na mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja.

Siku ya Mwaka ndiyo Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi. Hesabu yake ni ya jua: siku 365, zilizogawiwa miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za nyongeza. Haina mwaka mrefu wa kufidia ile robo ya siku inayobaki, kwa hiyo kila baada ya miaka minne Mwaka hurudi nyuma siku moja ukiulinganisha na kalenda ya kizungu. Katikati ya karne ya 19 uliangukia mwishoni mwa Agosti, na leo umeshafika Julai. Mwaka huu wa jua ulikuwa na kazi yake. Mwezi mwandamo ndio unaotuambia lini tufunge na lini tuhiji, lakini haumwambii mkulima lini achome konde, wala haumwambii nahodha lini kusi itatulia, kwa kuwa miezi yake hupita masika na kiangazi kwa zamu. Ahmad bin Majid, nahodha maarufu wa Kiarabu wa karne ya 15, alipopanga majira ya kusafiri katika Bahari ya Hindi alihesabu kwa siku za Nairuzi. Wakulima na mabaharia wa mwambao wetu walihesabu vivyo hivyo, mwongo kwa mwongo, toka Nairuzi hadi Nairuzi.

Ilifikaje Unguja? Wenyeji wa kusini husema ililetwa na mababu wa Kishirazi. Kwa miongo mingi wanahistoria walilidharau simulizi hilo na kuliona ni majigambo ya watu waliotaka nasaba ya mbali. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, na ukaonyesha kwamba kuanzia kiasi cha mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walioana na wanawake wa Kiafrika na kuzaa nao. Simulizi la wazee halikuwa uongo, basi, ingawa kina mama, ambao ndio wengi katika damu ile, hawakutajwa sana ndani yake. Hata hivyo, naona kalenda haikuhitaji uhamiaji mkubwa ili ifike. Chombo kimoja chenye nahodha anayejua kuhesabu Nairuzi kilitosha, na vyombo vilikuja kila mwaka na kaskazi.

Sasa tuuache mwambao kidogo, twende Madina, kisha Baghdad.

Katika Hadithi iliyopokewa kutoka kwa Anas bin Malik, imo katika Abu Daud na Nasai, Mtume aliwakuta watu wa Madina wana siku mbili za kucheza tangu zama za ujahili. Akawaambia Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa siku mbili zilizo bora zaidi, Idi ya Kuchinja na Idi ya Kufungua. Wafasiri wa Hadithi walizitaja siku hizo mbili kuwa ni Nairuzi na Mihrajani, yaani sikukuu ya Waajemi ya kuanza mwaka na ile yao ya majira ya kupukutika majani. Kwa hiyo jina la Nairuzi liliingia katika vitabu vya dini likiwa tayari limewekwa upande wa pili wa mstari. Anayesimama leo juu ya mimbari ya Unguja na kuikataza Siku ya Mwaka hakubuni jambo. Ameshika uzi mrefu.

Lakini uzi huo haukuwahi kuwa mnyoofu. Waislamu wa Iraki waliipenda Nairuzi, na usiku wake waliwasha moto na asubuhi yake wakamwagiana maji. Moto na maji, vile vile kama Makunduchi, ambako watu hukoga baharini! Mwaka 284 wa Hijra, ambao ni 897 wa Miladi, khalifa al-Mutadid alipiga mbiu katika mitaa na masoko ya Baghdad kupiga marufuku mambo hayo mawili. Mwanahistoria Tabari, aliyekuwa hai wakati huo, anaeleza kwamba baada ya siku chache tu marufuku iliondolewa, na watu wakazidisha kumwagiana maji kuliko kawaida yao. Cairo nako, mwaka 974, khalifa wa Kifatimi al-Muizz alikataza moto na maji ya Nairuzi, na bado karne zilizofuata Wamisri waliendelea kuicheza. Kisha katika karne ya 14, huko Damascus, Ibn Taymiyya aliandika kitabu kizima kuwaonya Waislamu wasishiriki sikukuu za wasiokuwa Waislamu: wasizipikie chakula maalumu, wasizivalie nguo mpya, wasiziwashie moto. Kitabu hicho kilichukua muda mrefu sana kufika Unguja. Kilipofika, kilikuta wasomaji waliokuwa tayari kukitumia.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, karibu na Makunduchi, una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107. Watu wa kusini ya Unguja, kwa maneno mengine, si wageni katika Uislamu. Walikuwa na mihrabu ya mawe wakati sehemu kubwa ya bara haijasikia adhana. Kwa karne zote hizo waliishi na msikiti na Mwaka pamoja. Hawakuona kwamba vinapigana, na nadhani tunawakosea tukiwafikiria ni watu wasiojua dini yao. Waligawa kazi. Akhera ilikuwa ya msikiti. Ardhi, mvua, samaki, nyoka na maradhi ya ghafla vilikuwa na wenyewe, na wenyewe hao walikuwa na watu wa kuzungumza nao.

Watu hao waliitwa wavyale. Mvyale alikuwa mlinzi wa ardhi ya ukoo wake, na kabla ya konde jipya kufyekwa yeye ndiye aliyekwenda mzimuni, pengine pangoni au chini ya mti mkubwa, na chetezo cha ubani, kuwaomba ruhusa wasioonekana. Mwaka ulipokaribia, mizimu ilitembelewa ili kama kuna kinyongo kisivuke kuingia mwaka mpya. Wazungu waliofika wakiandika mambo haya hawakukosa. W. H. Ingrams, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyekaa Zanzibar miaka ya 1920, aliyaeleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1931 kuhusu visiwa hivi na watu wake.

Tusidhani pia kwamba Siku ya Mwaka ilikuwa ya mashamba peke yake. Edward Steere, aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na baadaye akawa askofu wa misheni ya UMCA, ndiye aliyejenga kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa. Aliikuta siku hii ikiadhimishwa katika mji wenyewe, na maelezo yake yamo katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha mwaka 1870. Watu walikwenda kuoga baharini. Moto wa zamani ulizimwa jikoni na kuwashwa mpya kwa kupekecha vijiti. Nafaka na kunde za kila namna zilipikwa pamoja zikaliwa. Na liko jambo moja katika habari zake ambalo lazima tulitazame vizuri: kwamba hapo kale damu iliyomwagika siku hiyo haikuulizwa. Mwenye kisasi aliingoja Siku ya Mwaka.

Hapa ndipo naona wengi wanaoitetea Mwaka Kogwa hukosea kwa kuipaka asali. Husema ni siku ya kusameheana tu, mapigano ni mchezo, nyimbo ni utani. Leo ni hivyo. Mabua ya migomba hayaui, na aliyechapwa huinuka akacheka na kumshika mkono aliyemchapa, na ugomvi wa mwaka mzima hubaki pale uwanjani. Lakini mabua hayo yalichukua nafasi ya fimbo na marungu, na mchezo huu ulitokana na siku ambayo sheria ililala. Siku ya namna hiyo, katika nchi yoyote, lazima iwatie hofu wenye jukumu la kulinda amani, na mashekhe wa zamani walikuwa ndio makadhi. Yule aliyeiogopa Siku ya Mwaka katika karne ya 19 alikuwa na sababu ambayo haikuhusiana kabisa na majusi wa Uajemi.

Mji uliiacha Siku ya Mwaka, Makunduchi ikabaki nayo. Sababu zake ni za ardhi na za elimu. Wamanga, yaani Waarabu wa Oman, walipolima mikarafuu walichukua udongo mzuri wa magharibi na kaskazini ya kisiwa, na Wahadimu, wenyeji wa kisiwa, wakabanwa upande wa mashariki na kusini, kwenye ardhi ya mawe ambayo haioti karafuu. Hakuna aliyeitamani ardhi ile. Hakuna shamba kubwa lililoletwa pale na watumwa wa makabila ishirini, wala hakuna jumba la mtawala. Hata Mwinyi Mkuu wa Dunga, mtawala wa jadi wa Wahadimu, alipofariki mwaka 1865 na mwanawe akafuata mwaka 1873 bila mrithi kuchukua kiti, vijiji vya kusini viliendelea na mambo yao chini ya wazee wao. Mizimu ilibaki na wavyale wake kwa sababu watu walibaki na ardhi yao.

Mjini ilikuwa kinyume. Kuanzia enzi ya Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, Mji Mkongwe uligeuka kituo cha elimu ya dini kwa mwambao wote. Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija, alikuwa kadhi pale na sifa yake ilifika Istanbul na Makka. Rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir alifundisha Ukutani, na wanafunzi walimjia kutoka mbali. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Hawa hawakuwa watu wa kuvunja mila kwa nyundo. Walisoma maulidi na kuzuru makaburi ya mawalii. Kazi yao ilikuwa ya taratibu zaidi: kila mahali palipokuwa na mzimu waliweka kisomo. Mtoto akishikwa na homa, badala ya kwenda pangoni, aliandikiwa kombe kwa zafarani na kunyweshwa. Mji ukikumbwa na ndui, watu waliuzunguka wakisoma dua. Mombasa na Lamu desturi ya kumzungusha ng'ombe mji mzima kabla ya kumchinja ilibaki, lakini ikazungukwa na Yasini. Hofu ilikuwa ile ile, na dawa yake ikabadilishwa mkono. Kwa mtu wa Mjini wa mwaka 1900, Siku ya Mwaka ilikuwa jambo la watu wa shamba, la kuonewa aibu kidogo. Ushetani haukutajwa bado.

Ulikuja kutajwa na kizazi kilichofuata, na ulianzia Mombasa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la al-Islah mwaka 1932. Alikuwa akisoma jarida la al-Manar lililotoka Cairo, na swali lililomchoma lilikuwa zito: kwa nini Waislamu wa pwani wamekuwa maskini na wanyonge katika nchi yao, na Wazungu wanawatawala? Sehemu ya jibu lake ilikuwa kwamba wamepoteza nguvu na fedha katika mila, ngoma na hofu ya mizimu. Ukiyasoma mambo haya kwa makini utaona huruma ndani yake. Alitaka watu wake wainuke.

Mwanafunzi mkubwa wa njia hiyo alikuwa mtoto wa Unguja, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa mwaka 1912. Alikuwa mwalimu, mshairi na mwanahistoria, na tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilichapishwa mwaka 1969. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 alihamia Kenya, akawa Kadhi Mkuu kuanzia 1968. Katika miaka ya 1970 aliandika vitabu vyake juu ya bidaa, na kwa vitabu hivyo msomaji wa kawaida, fundi cherehani au muuza samaki, alipata kwa mara ya kwanza kipimo cha kupimia desturi zake mwenyewe kwa lugha yake mwenyewe. Je, Mtume alilifanya hili? Masahaba walilifanya? Kama hapana, kwa nini wewe unalifanya? Ni maswali mepesi kuuliza na mazito kujibu. Kipimo hicho kilielekezwa zaidi kwenye mambo ya msikitini, lakini mtu akishakuwa nacho mkononi hawezi kukizuia kisifike Kae Kuu. Ikiwa hata hitima ina maswali, kibanda cha makuti kitasimamaje?

Kizazi cha tatu kilikwenda mbali zaidi. Kuanzia miaka ya 1980 vijana wengi wa Zanzibar walipata nafasi za masomo Madina na Khartoum, wakarudi na Kiarabu safi na vitabu vya Ibn Taymiyya. Kanda za mihadhara zilisikilizwa dukani, kwenye daladala na sebuleni. Hapo ndipo lugha ilipokuwa kali. Bidaa ni kosa la Muislamu aliyezidisha. Shirki ni jambo linalomtoa mtu katika dini. Siku ya Mwaka ilihamishwa kutoka kundi la kwanza kwenda la pili, na hoja zilizotumika zilikuwa na uzito: pana kuomba wasiokuwa Mungu, pana kutabiri kwa moshi, na pana jina la sikukuu ambayo Hadithi ilikwisha kuizungumzia.

Wakati huo huo kitu kingine kikatokea, nacho ndicho kilichowasha hasira hasa. Uchumi ulifunguliwa, hoteli zikaota Jambiani na Paje na Kizimkazi, na Mwaka Kogwa ikagunduliwa na watalii. Vitabu vya wageni viliitaja kuwa ndiyo sherehe ya kuonwa Unguja mwezi wa Julai. Viongozi wa serikali wakaalikwa, majukwaa na vipaza sauti vikafungwa. Vijana wa Mjini wakaanza kushuka Makunduchi kwa magari yaliyojaa mpaka mlangoni, na wengi wao hawakuja kumtazama mzee wa mila. Walikuja kwa ajili ya muziki, kulala ufukweni siku tatu nne, na mambo ambayo mtu hawezi kuyafanya mtaani kwao. Mama wa Makunduchi aliyepika wali na kuku kwa ajili ya wageni, kwa kuwa asiyepata mgeni Siku ya Mwaka huhesabiwa kuwa na mkosi, alijikuta mji wake umejaa watu wasiomwamkia.

Ninaamini hapa ndipo palipo kiini cha tuhuma ya leo. Msikilize mzee wa kawaida wa Unguja, asiyekuwa mhadhiri wala mfuasi wa yeyote, anapoilaumu Mwaka Kogwa. Ataanza na shirki kwa kuwa ndiyo hoja aliyofundishwa, lakini dakika mbili baadaye atakuwa anazungumza kuhusu pombe, binti aliyerudi na mimba, na wageni wanaopiga picha wanawake wakiimba. Nyimbo za wanawake zenyewe zilikuwa na mipaka yake. Ziliimbwa baina ya watu wanaojuana, kwa mafumbo, siku moja katika mwaka, na aliyelengwa alijua kwamba zamu yake ya kujibu inakuja. Zikisikika kwenye kipaza sauti mbele ya watu baki, fumbo linakuwa tusi. Sherehe ile ile, kwa maneno yale yale, imebadilika kwa sababu waliosimama kuizunguka wamebadilika.

Wakristo wa Ulaya na Marekani wana ugomvi unaofanana sana na huu, juu ya usiku wa Oktoba 31 wanaouita Halloween. Wakelti wa Ireland na Scotland walikuwa na sikukuu ya kuingia kipindi cha baridi, iitwayo Samhain, wakiwasha moto na kuamini kwamba wafu na viumbe wasioonekana hupita karibu na walio hai usiku huo. Kanisa katika karne ya 9 liliimarisha Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na mila za moto zikaendelea kuishi chini ya kivuli chake, kama Yasini na ng'ombe wa Mombasa. Waprotestanti walipokuja wakauliza swali la Farsy kwa maneno yao: liko wapi jambo hili katika Maandiko? Na katika karne ya 20 Wamarekani walipoifanya biashara ya pipi na vinyago vya kutisha, wahubiri wao wakaanza kusema ni usiku wa Shetani. Hofu ilipanda sana miaka ya 1970 na 1980, wazazi wakiamini watu wasiojulikana wanatia sumu katika pipi za watoto. Mwaka 1974, huko Texas, mtoto wa miaka minane alikufa kwa sianidi usiku huo. Aliyemuua alikuwa baba yake mzazi, aliyetaka fedha za bima. Watu walimtafuta shetani barabarani, naye alikuwa mezani anakula nao.

Sisi nasi tuna habari yetu ya namna hiyo, na haikutokea Siku ya Mwaka. Mwaka 1995, wakati wa Ramadhani, hofu ya Popobawa ilianza Pemba ikavuka mpaka Unguja. Watu walisema ni jini linaloingia majumbani usiku na kuwadhalilisha wanaume kwa wanawake. Familia nzima zililala nje, zimeshikana, moto ukiwaka uani mpaka alfajiri. Ilikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na visiwa vilijaa wasiwasi ambao haukuwa na pa kutokea. Mjini Zanzibar mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, mgeni kutoka bara, alidhaniwa ndiye Popobawa mwenyewe akauawa na kundi la watu. Hapakuwa na mvyale aliyefukiza ubani pale, wala ngoma. Palikuwa na watu waliofunga na kuswali, wenye hofu kubwa, na hapakuwa na uwanja wala siku iliyowekwa kwa ajili ya kuitoa hofu ile.

Basi huu ndio msimamo wangu juu ya kibanda cha Kae Kuu. Anayekichoma na anayekikataza wanamwogopa adui yule yule. Wote wanaamini balaa lipo, majini yapo, uhasidi upo, na kwamba mji usipokingwa utadhurika. Mmoja amefundishwa na mababu kwamba balaa hutolewa nje kwa pamoja, hadharani, likapigwa mabua na kuchomwa moto na kuogwa baharini. Mwingine amefundishwa kwamba mlango huo huo anaoutolea balaa ndio shetani anaoingilia, na kinga ni kuufunga na kumwelekea Mungu peke yake. Mimi ni Muislamu, na kuomba mzimuni siwezi kukutetea. Lakini kuuita mji mzima wa waja wa Mungu kuwa watumishi wa shetani ni tuhuma inayohitaji ushahidi mkubwa zaidi ya moshi wa makuti.

Makunduchi wenyewe hawajakaa kimya. Wapo wazee wanaosisitiza kwamba mambo huanza kwa dua kwa Mwenyezi Mungu na kwamba moto ni ukumbusho wa mababu. Wapo vijana wa pale pale wanaokaa nyumbani siku hiyo mpaka muziki uishe. Wapo wanaokwenda baharini alfajiri kukoga, wakarudi kula na wageni wao, na uwanjani hawatii mguu. Kila nyumba imechora mpaka wake, na mara nyingine mpaka hupita katikati ya chumba cha kulala, mke huku na mume kule.

Kalenda nazo zina neno lao. Mwaka 2012, 2013 na 2014 Ramadhani iliangukia Julai, na mwaka wa jua ukakutana na mwezi wa mfungo. Huwezi kumpikia mgeni wali wa mchana katika Ramadhani, wala kupiga muziki usiku wa tarawehe. Katika miaka kama hiyo hakuna haja ya mhadhiri. Kisha mwezi mwandamo ukasogea, Julai ikabaki wazi, na magari ya Makunduchi yakajaa tena. Kwa hesabu ya miezi, Ramadhani na Siku ya Mwaka vitakutana tena katikati ya miaka ya 2040, na kufikia hapo Mwaka utakuwa umerudi nyuma siku nyingine saba au nane, ukielekea Juni.